Ng'ombe Apigaye Pembe: Usalama Wetu Mbele ya Mashine za Machimboni

Hotuba kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Kamati za Haki na Amani



Tumeombwa tuzungumze juu ya usalama wa watu wafanyao kazi na mashine za umeme na za mafuta katika machimbo na karakana zetu. Huenda baadhi yenu wanajiuliza: Je, hilo nalo ni jambo la Kanisa? Mafundi wapo, wakaguzi wa Serikali wapo. Padre naye angebaki na altare yake. Tunawajibu kwa upole. Katika vijiji vyetu, mtu akijeruhiwa na mashine, wa kwanza kuitwa si mkaguzi. Anaitwa jirani, kisha mwenyekiti wa jumuiya, kisha katekista. Na yule mtu asipopona, anaitwa padre. Kwa kuwa sisi ndio tunaoitwa mwishoni, yatupasa tuseme neno mapema.

1. MASHINE ILIVYOTOKA NJE YA UZIO

Nchi yetu ya Shinyanga na Geita si ngeni kwa mashine. Wazee wanakumbuka vinu vya kuchambulia pamba. Wanakumbuka Mwadui, ambako almasi iligunduliwa mwaka 1940. Wa Geita wamesikia habari za mgodi wa zamani wa dhahabu uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Baadaye ilikuja migodi mikubwa ya siku hizi: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001. Katika sehemu hizo zote mashine zilikaa ndani ya uzio, chini ya wahandisi na wasimamizi, na mtu hakuigusa mashine asiyofundishwa.

Mambo yamebadilika. Umeme umefika vijijini, hasa baada ya sheria ya mwaka 2005 iliyounda Wakala wa Nishati Vijijini. Mota na jenereta zinanunuliwa kwa bei ambayo kikundi cha watu kumi wanaweza kuchangishana. Leo ukipita Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Katoro au Kakola utasikia ngurumo za makarasha yakisaga mawe ya dhahabu mchana na usiku. Utaona kompresa zinazoendesha drili za kuvunjia mwamba, pampu zinazotoa maji mashimoni, grenda za kukatia vyuma, na mashine za kuchomelea kando ya barabara. Grenda inauzwa dukani karibu na sufuria. Ndani ya boksi kuna kijitabu cha maelezo kwa lugha ya kigeni, na kijitabu hicho huishia jalalani siku ile ile.

Kwa maneno mengine, mashine imetoka nje ya uzio, lakini mafunzo na usimamizi vimebaki ndani. Hilo ndilo chimbuko la maumivu mengi tunayoyaona.

Tunapozungumzia ajali za machimbo, watu hukumbuka zile kubwa. Mwaka 2015, huko Nyangarata wilayani Kahama, wachimbaji walifukiwa na kifusi mwanzoni mwa Oktoba, na watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Mwaka 2017, mwezi wa Januari, watu 15 waliokolewa huko Nyarugusu, mkoani Geita, baada ya kukaa siku kadhaa chini ya ardhi. Nchi nzima ilifuatilia, na wengi walisali. Ni vema. Lakini kidole kilichokatwa na mkanda wa karasha hakitangazwi redioni. Jicho lililotobolewa na kipande cha diski ya grenda halina mwandishi wa habari. Kijana aliyekufa kwa umeme akihamisha pampu huzikwa, na kesho yake pampu ile ile inawashwa. Hizi ndizo ajali tunazotaka kuzisema leo, kwa sababu huja moja moja, na kwa hiyo tumezizoea.

2. MISEMO MITATU TUNAYOISEMA MSIBANI

Tumesikiliza yanayosemwa katika misiba ya namna hii, tukaona kwamba misemo mitatu hurudiwa mara kwa mara.

Msemo wa kwanza ni: "Ni mapenzi ya Mungu." Maneno haya yana faraja yake kwa mfiwa, wala hatuyadharau. Lakini yanatumika vibaya yanapofunga mdomo wa anayetaka kuuliza: mkanda ule ulikuwa na kava? Waya ule ulikuwa umechubuka tangu lini? Nani aliambiwa akanyamaza? Bwana wetu, kama tusomavyo katika Luka sura ya 13, alipotaja habari za watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, hakukubali kwamba walikufa kwa kuwa na dhambi kuliko wengine. Aliwageuzia waliobaki hai, akawataka waongoke. Nasi tukisimama kaburini mwa aliyeuawa na mashine, swali linatuhusu sisi tulio hai na mwenendo wetu.

Msemo wa pili husemwa kwa sauti ya chini: "Dhahabu inataka damu." Wengine husema marehemu alirogwa, au alitolewa kafara ili mwenye duara apate utajiri. Ndugu zetu, imani hii imeleta maovu mengi katika kanda yetu, nanyi mnayajua. Leo tunataka kuonyesha ubaya wake mmoja tu: inamwachilia mwenye kosa, na kumtafuta asiye na kosa. Watu wakiisha kuamini kwamba bibi kizee wa kijiji jirani ndiye aliyemvuta kijana kwenye mkanda, hakuna atakayeuangalia mkanda. Na mwenye mashine atampelekea mganga fedha ambazo zingetosha kununua bati na nondo za kutengenezea kava.

Msemo wa tatu tunausema sote, na hata wasomi: "Ajali haina kinga." Ikiwa maana yake ni kwamba binadamu hawezi kuzuia kila jambo, ni kweli. Lakini mtu anapousema huku akiendesha mashine aliyoiondolea kinga kwa mkono wake mwenyewe, huo si ujuzi wa wahenga tena. Ni kujitetea. Ajali nyingi za mashine zina kinga, na kinga hiyo ilikuwa imefungwa kwa boliti nne siku mashine iliponunuliwa.

3. SHERIA YA NG'OMBE

Sisi wa kanda hii ni watu wa ng'ombe, kwa hiyo hatuhitaji maelezo marefu kuielewa sheria iliyomo katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21. Sheria ile yasema kwamba ng'ombe akimpiga mtu pembe hata akafa, na hapo awali hakuwa na tabia hiyo, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe yule alizoea kupiga pembe, na mwenyewe alikwisha onywa, naye hakumfungia, basi damu ya marehemu iko juu ya mwenye ng'ombe. Sura hiyo hiyo yasema pia juu ya mtu achimbaye shimo na kuliacha wazi bila kifuniko: mnyama wa jirani akitumbukia, mwenye shimo atalipa. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, yaamuru kwamba ajengaye nyumba yenye dari ya kukalia aizungushie ukuta mdogo, mtu asije akaanguka na damu yake ikaipata nyumba ile.

Tazameni hekima ya sheria hizi. Hazisemi, "Aliyeanguka angeangalia." Hazisemi, "Ni bahati mbaya." Zinauliza maswali mawili tu: Je, hatari ilijulikana? Je, mwenye mali aliizuia?

Karasha lisilo na kava la mkanda ni ng'ombe apigaye pembe. Tabia yake inajulikana. Kila mtu pale machimboni anaweza kukuonyesha mtu aliyeumizwa na jingine kama hilo. Kwa hiyo mwenye karasha amekwisha onywa, hata kama hakuna aliyemwandikia barua. Grenda isiyo na kava, jenereta yenye waya uliochubuka, shafti izungukayo wazi karibu na njia wanayopita akina mama na ndoo zao: hao wote ni ng'ombe wapigao pembe, nasi tumewaacha wazurure.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazee wetu wa Kahama na Shinyanga walianzisha Sungusungu kwa sababu ng'ombe zao zilikuwa zikiibwa. Hawakusubiri mtu kutoka mbali. Walikaa, wakakubaliana, wakalinda. Ikiwa tuliweza kukesha kwa ajili ya ng'ombe, je, mikono ya watoto wetu haistahili ulinzi?

Mafundisho ya Kanisa yanafuata njia hiyo hiyo. Tangu waraka wa Baba Mtakatifu Leo XIII wa mwaka 1891 juu ya hali za wafanyakazi, hadi ule wa Baba Mtakatifu Yohane Paulo II wa mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, Kanisa limeshika neno moja: mtu ni mkuu kuliko mtaji na kuliko chombo. Waraka wa mwaka 1981 wahesabu miongoni mwa haki za mfanyakazi haki ya kufanya kazi mahali pasipodhuru afya yake. Usalama, basi, si fadhili ya tajiri mwema. Ni sehemu ya ujira halali.

4. JINSI MASHINE INAVYOUMIZA

Sasa tuingie katika mambo yenyewe. Hatuwezi kusema juu ya kila mashine, lakini yapo mambo sita ambayo kila kiongozi wa jumuiya anaweza kuyajua na kuyafundisha.

(a) Mkanda, puli na shafti. Hizi hazikati tu, zinavuta. Zikishika upindo wa shati, mwili wote unafuata kabla mtu hajapata nafasi ya kupiga kelele. Kwa hiyo kila mkanda na kila shafti izungukayo ifunikwe kwa kava la bati au la wavu wa chuma. Asikaribie mtu mwenye kanga inayoning'inia, mikono mirefu isiyofungwa, skafu au nywele zisizofungwa. Wala msivae mkufu shingoni. Hata rozari iwekwe mfukoni wakati wa kazi. Mama Bikira Maria hatachukia. Glovu nazo ni nzuri kwa kubebea mawe na vyuma, lakini karibu na drili izungukayo zinaweza kushikwa na kuvuta mkono mzima.

(b) Grenda. Diski ya grenda ndogo huzunguka kiasi cha mara 11,000 kwa dakika. Ukingo wake huenda kwa kasi ya zaidi ya kilometa 200 kwa saa. Hakuna basi la Mwanza liendalo hivyo. Kila diski imeandikwa kasi ya juu inayoweza kustahimili. Diski kubwa ya milimita 230 kwa kawaida haistahimili zaidi ya mizunguko 6,600 hivi kwa dakika. Basi, fundi anayeondoa kava la grenda ndogo ili afunge diski kubwa amefanya makosa mawili kwa pamoja: ameizungusha diski kupita uwezo wake, na ameondoa kitu pekee ambacho kingezuia vipande visimfikie usoni. Diski iliyopasuka au kuloa isitumike. Diski ya kukatia isitumiwe kusugulia kwa ubavu. Miwani ya kinga ivaliwe kila mara, hata kwa kazi ya dakika moja. Na pipa lililowahi kuwa na petroli au dizeli lisikatwe wala kuchomelewa, hata likionekana tupu, kwa maana mvuke uliobaki ndani hulipuka.

(c) Kusafisha na kutengeneza. Watu wengi huumia mashine ikiwa imezimwa, kwa sababu mwingine anaiwasha bila kujua kwamba mwenzake ana mkono ndani. Tena kwetu umeme hukatika. Mashine inasimama, mtu anaingia kutoa jiwe lililokwama, swichi imeachwa ikiwa imewashwa; umeme ukirudi, mashine inaondoka yenyewe. Kanuni ni fupi: umeme ukikatika, zima swichi kwanza. Na anayeingiza mkono ndiye akae na ufunguo au fyuzi mfukoni mwake, si mtu mwingine yeyote, hata akiwa ndiye tajiri.

(d) Umeme na maji. Mashimo yetu yana maji, na pampu zetu zina nyaya ndefu zilizoungwaungwa. Umeme wa volti 230 unatosha kabisa kuua mtu aliyesimama majini. Waya usiungwe kwa gundi ya karatasi wala kwa mfuko wa plastiki. Mashine yenye bodi ya chuma iwe na waya wa ardhi. Kipo pia kifaa kinachokata umeme mara uvujapo, na kilicho bora kwa kulinda watu hukata unapofika miliampia 30. Muulizeni fundi aliyesajiliwa akifunge. Pampu ya umeme isihamishwe wala kushikwa kabla ya kuzimwa.

(e) Moshi wa injini. Jenereta au pampu ya petroli isishushwe kamwe ndani ya duara wala kuwashwa karibu na mdomo wake. Moshi wake una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliye chini huanza kuumwa kichwa, hulegea, kisha hulala asiamke. Mwenzake akishuka kumwokoa, naye hubaki huko huko. Hapo ndipo msemo wa uchawi huzaliwa: "Walikufa wawili bila jeraha." Jeraha halikuonekana, lakini sababu ilikuwa ikinguruma juu ya vichwa vyao.

(f) Vumbi na kelele. Haya huua au kulemaza polepole, kwa hiyo hatuyaogopi. Drili na karasha hutoa vumbi la mwamba ambalo, likivutwa miaka na miaka, hufanya makovu katika mapafu yasiyoponywa na dawa, na kumfanya mtu ashikwe kwa urahisi na kifua kikuu. Kitambaa puani hakitoshi. Maji yamwagwe mahali pa kutobolea na kusagia ili vumbi litulie, na barakoa iwe ile ya kuzuia vumbi laini. Masikio nayo yazibwe. Kelele izidiyo desibeli 85 kutwa nzima huharibu usikivu, na drili ya mwamba hupita kiwango hicho kwa mbali.

5. NANI ANAWAJIBIKA?

Wajibu wa kwanza ni wa mwenye mashine. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri asajili mahali pake pa kazi, afunike sehemu za hatari za mashine, na awalinde watu wake. Msimamizi wa sheria hiyo ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao wengi wanaujua kwa jina la OSHA.

Kisha iko habari ya fidia. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko wake ukaanza kazi mwaka 2015. Anayeuchangia ni mwajiri. Mchango huo haukatwi katika mshahara wa mfanyakazi. Mtu akiumia kazini, taarifa itolewe upesi, kwa maana sheria imeweka kikomo cha miezi 12. Kwa hiyo mwenye karasha anayempa kijana aliyepoteza mkono fedha kidogo za nauli na dawa, kisha akasifiwa kwa ukarimu, hajatenda ukarimu. Amelipa sehemu ndogo ya deni.

Lakini lipo tatizo kubwa. Wengi wa vijana wetu hawana mkataba. Wanalipwa kwa mgao wa mifuko ya mawe, na jiwe lisipotoa dhahabu hawapati kitu. Siku ya ajali, mwenye leseni husema si mwajiri, mwenye duara husema si mwajiri, mwenye karasha naye husema alikodisha mashine tu. Mtu ameumia, na ghafla hakuna aliyekuwa na kazi! Ndugu viongozi, dawa ya jambo hili hutafutwa kabla ya ajali. Waambieni vijana wasiingie kazini bila maandishi, hata karatasi moja yenye majina, kazi, malipo, na nani atagharamia matibabu, ikiwekwa sahihi mbele ya mashahidi.

Wajibu wa pili ni wa mfanyakazi mwenyewe. Haki haimwondolei mtu akili. Anayeshika mashine akiwa amelewa, anayetupa miwani kwa kuwa inamtoa jasho, anayecheka mwenziwe anayefunga kofia ngumu, huyo naye anacheza na uhai ambao si mali yake. Tunawaambia vijana: ujasiri si kusimama karibu na mkanda. Ujasiri ni kumwambia tajiri, mbele ya wenzako, "Sitaiwasha mpaka kava lirudi." Tunajua jambo hilo lina gharama. Mmoja akisema peke yake, atafukuzwa na nafasi yake itachukuliwa kabla ya jioni. Wakisema wote ishirini, kava litafungwa. Ndiyo maana tunalileta kwenye jumuiya, tusimwachie mtu mmoja alibebe.

Wajibu wa tatu ni wetu sote, nao unahusu watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kuwaajiri watoto katika kazi za hatari, na inayataja machimbo na sehemu zenye mashine. Mtoto anayemwagia karasha maji siku ya shule hayuko hapo kwa bahati. Mzazi amemtuma, au tajiri amemkubali, au sisi tumempita tukamsalimia.

6. AJALI IKITOKEA

Zima mashine kwanza. Aliyeshikwa na umeme asiguswe kabla umeme haujakatwa. Damu ikitoka kwa wingi, bana jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, usiachie mpaka mfike hospitali. Msiweke majivu, grisi, kahawa wala mafuta ya breki. Kidole kilichokatika kisitupwe: kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu au maji baridi, kidole chenyewe kisiguse barafu. Jicho lililoingiwa na chuma lisisuguliwe. Aliyezimia shimoni asifuatwe na mtu asiye na hewa salama. Na kila mwenye jeraha la chuma apate sindano ya pepopunda.

Safari ya kwenda Sengerema, au hata Bugando, ni ndefu kwa mtu anayevuja damu. Kwa hiyo yafaa ijulikane mapema ni gari la nani litakalotumika, na nani ana namba ya dereva.

7. TUFANYE NINI?

Tunapendekeza mambo manne, yasiyohitaji mfadhili.

Kwanza, kila parokia ianze na nyumba yake. Tunajenga makanisa, shule na zahanati. Tunatumia grenda, misumeno ya umeme na mashine za kuchanganyia zege. Tutawezaje kumhubiria mwenye karasha ikiwa fundi anayejenga mnara wetu amevaa ndala na hana miwani?

Pili, sisi mapadre tukialikwa kubariki karasha jipya, tutakuja kwa furaha. Lakini tutaomba tuonyeshwe kwanza kava la mkanda, swichi, waya wa ardhi na kisanduku cha huduma ya kwanza. Baraka haichukui nafasi ya boliti. Tunaomba Mungu ailinde kazi ya mikono yetu, na Mungu huanza kuilinda kwa akili aliyotupa.

Tatu, kila mwaka Shirika la Kazi Duniani huadhimisha tarehe 28 Aprili kuwa siku ya usalama na afya kazini, na tarehe 1 Mei sisi tunamheshimu Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, sikukuu iliyowekwa mwaka 1955 na Baba Mtakatifu Pius XII. Siku zilizo kati ya tarehe hizo mbili tuzitumie. Kamati ya Haki na Amani, pamoja na wenye mashine na mafundi, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, wapite karasha kwa karasha, karakana kwa karakana, wakiuliza maswali yale mawili ya Kitabu cha Kutoka: Hatari inajulikana? Imezuiwa?

Nne, kila jumuiya iwe na daftari la ajali. Iandikwe tarehe, mahali, aina ya mashine, kilichotokea, na kilichofanyika baadaye. Likae kwa katibu. Daftari hilo halitafutiwi mtu wa kufungwa. Kazi yake ni kuzuia usahaulifu. Siku mwenye mashine atakaposema hakujua, daftari litakuwa limekwisha mwonya, kama sheria ya ng'ombe inavyotaka.

Ndugu zetu, ardhi yetu ina dhahabu, nasi tunamshukuru Mungu kwa zawadi hiyo. Mwezi wa Machi 2019 soko la kwanza la dhahabu lilifunguliwa Geita, na tangu hapo mchimbaji mdogo anaweza kupima na kuuza dhahabu yake mahali panapojulikana. Mizani ya soko hupima gramu na sehemu za gramu. Mkono uliopotea katika kuisaga dhahabu hiyo hakuna mizani inayoupima. Waujua mke aliyezoea kuletewa unga na mkono huo, na watoto. Tusingoje tuitwe tena kuzika. Jumapili hii, baada ya Misa, kila kiongozi aende kwenye mashine moja iliyo karibu na nyumba yake, aitazame, na azungumze na mwenye nayo kwa heshima.

Mungu awabariki ninyi na kazi za mikono yenu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika eneo la jumuiya yetu kuna mashine zipi? Zipi kati yake ni "ng'ombe apigaye pembe"? Nani atakwenda kuzungumza na mwenye nazo, na siku gani?

2. Je, tunao ndugu walioumizwa na mashine miaka iliyopita? Wanaishije sasa? Walipata fidia, au walipewa nauli tu?

3. Ni msemo upi kati ya ile mitatu unaosikika zaidi kwetu? Tutamfariji vipi mfiwa bila kuificha sababu ya kifo?

4. Je, kuna watoto wetu wanaofanya kazi kwenye makarasha? Familia zao zinahitaji msaada gani ili warudi shule?

5. Ajali ikitokea leo usiku, tutamwita nani, na gari litatoka wapi?